Pikipiki iliyotembea sana: nichukue au niache? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara Moshi na Arusha

Haupiti mwezi bila ndugu, jirani au rafiki wa rafiki kunipigia simu: "Kaka, kuna pikipiki hapa, bei nzuri, ila imetembea. Nichukue?" Mimi si fundi. Naishi Moshi, kazi zangu ziko kati ya Moshi na Arusha, na pikipiki zangu zote nimezinunua mkononi mwa watu. Nyingine zimenisomeshea watoto, nyingine zimenitoa machozi. Nimeyajibu maswali haya kama ninavyomjibu mdogo wangu, kwa sababu pesa inayotoka hapa mara nyingi ni ya vikoba, ya kahawa au ya ng'ombe aliyeuzwa, na haipatikani mara mbili.

Kilomita ngapi ni nyingi mno?

Namba moja ya kukupa haipo. Fanya hesabu hii. Dereva wa kijiweni akitembea kilomita 100 kwa siku, siku 300 kwa mwaka, anamaliza kilomita 30,000. Miaka mitatu ni 90,000. Mwalimu anayetoka nyumbani kwenda shule na kurudi, kilomita 20 kwa siku, siku 250 kwa mwaka, anamaliza 5,000. Miaka minane ni 40,000. Sasa njoo na pikipiki mbili zenye 40,000 kila moja: ya mwalimu ina miaka minane na imebeba mtu mmoja na begi la madaftari, ya kijiweni haijamaliza mwaka na nusu, lakini imebeba abiria wawili wawili, saruji, na mikungu ya ndizi kutoka juu mlimani. Kilomita ni zilezile, chuma si kilekile.

Kwa hiyo ninapoambiwa "imetembea 60,000" siogopi. Nauliza imetembea wapi, imebeba nini, na nani alikuwa anaimwagia oili. Pikipiki ya kilomita 60,000 ya mtu mmoja ninayeweza kwenda kumuuliza, naichukua mbele ya ile ya 18,000 isiyo na historia.

Mita inaaminika?

Mara nyingi hapana. Kwenye pikipiki ndogo nyingi tunazotumia, mita inazungushwa na waya mwembamba unaotoka gurudumu la mbele. Waya ukikatika, mita inasimama na pikipiki inaendelea na safari. Waya wenyewe si ghali, lakini wengi hawaubadilishi kwa sababu hauzuii mtu kupata riziki. Pia mita nyingi zina tarakimu tano za kilomita, zikifika 99,999 zinaanza upya kwenye sifuri. Na dashibodi nzima inauzwa dukani, unafunga mpya asubuhi, mchana una pikipiki ya "kilomita 4,000".

Nyanyua gurudumu la mbele, lizungushe kwa mkono, uone kama mshale unatikisika. Kisha soma mipira: ya kukanyagia, ya kiki, ya gia, ya mikono. Mpira wa kiki uliolika hadi chuma kuonekana haukulika kwa kilomita 15,000. Ukikuta mipira yote ni mipya kabisa kwenye pikipiki ya miaka sita, uliza kwa nini.

Muuzaji anasema injini haijafunguliwa. Hiyo ni sifa?

Hili ndilo neno linalouza pikipiki nyingi kuliko yote, na ndilo ninaloliamini kidogo kuliko yote. Kwa pikipiki yenye kilomita chache, injini kutofunguliwa ni jambo jema. Kwa iliyotembea sana, inaweza kuwa na maana kwamba gharama ya kuifungua inakusubiri wewe.

Injini ya pikipiki inachakaa kwa utaratibu unaojulikana. Ringi za pistoni zinalika, silinda inapanuka kidogo, oili inapanda na kuungua, nguvu inashuka. Fundi anaichonga bloku, yaani chuma chenye silinda, na kufunga pistoni kubwa zaidi. Pistoni hizo zinakuja kwa hatua: milimita 0.25, 0.50, 0.75, hadi 1.00. Mafundi wanasema tu "ishirini na tano", "hamsini", "sabini na tano", "mia". Swali la kuuliza, basi, ni hili: "Ipo pistoni namba ngapi?" Anayejua pikipiki yake atakujibu papo hapo. Akisema ipo hamsini, ilifanywa mwaka jana na fundi fulani wa mtaa fulani, nenda kwa huyo fundi ukamuulize. Injini iliyofunguliwa mara moja na mtu makini, na hadi leo ina pumzi, naipenda kuliko iliyoachwa ikajichakaa yenyewe. Ikiwa imefika mia, bloku imekaribia mwisho wa kuchongwa. Utakapofika wakati huo utahitaji bloku nyingine au kuwekewa silivu mpya, nawe uikate bei hiyo leo.

Nakaguaje injini bila kifaa chochote?

Mwambie muuzaji tangu jana yake: "Usiiwashe mpaka nifike." Ukifika, gusa injini kwa kiganja. Ikiwa ya moto, subiri ipoe au rudi kesho asubuhi. Injini mbovu huwaka vizuri ikishachemka, ila asubuhi ya baridi ya Arusha mwezi wa saba inasema ukweli wote.

Kabla ya kuwasha, ibonyeze kiki taratibu kwa mkono. Ikifika mahali inapaswa kukataa, ikusukume kama mtu anayebishana nawe. Ikishuka laini kama pampu ya baiskeli iliyotoboka, hakuna mbano: ni ringi, ni valvu, au vyote viwili. Chomoa stiki ya oili. Oili nyeusi ni ya kawaida. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa imeingiwa na maji. Oili yenye vichembe vinavyong'aa juani imebeba chuma cha ndani. Oili nzito kama asali, angalia, huenda imewekwa leo kunyamazisha kelele.

Washa. Mvuke mweupe kidogo asubuhi si tatizo, unakwisha. Moshi mweusi ni petroli inayozidi, mara nyingi kabureta au eaklina (kichujio cha hewa) iliyoziba, na ni kazi ndogo. Wa bluu ndio wa kuuogopa, kwa sababu ni oili inaungua. Ukitoka mara tu inapowaka kisha ukakata, mara nyingi ni sili za valvu. Ukitoka kila unapovuta mafuta, fikiria ringi na bloku. Wakati inanguruma taratibu, fungua kifuniko cha oili. Kupumua kidogo ni kawaida, lakini ikipuliza moshi kama jiko la kuni, mbano unavuja kupita pistoni.

Kisha sikiliza. Mlio mwepesi wa tiki-tiki juu ni tapeti, zinarekebishwa kwa dakika chache. Mchakacho wa upande mmoja wa injini, kwenye Boxer au TVS, mara nyingi ni cheni ya taimingi. Zile za Kichina zenye injini ya mtindo wa Honda CG125 hazina cheni hiyo, valvu zake zinasukumwa na fimbo, kwa hiyo fundi akikwambia "ni cheni ya taimingi tu" kwenye injini ya namna hiyo, tafuta fundi mwingine. Mlio mzito wa kugonga, wa chini, unaoongezeka ukivuta mafuta, ni konrodi, fimbo inayoshika pistoni. Hapo mimi huwa naaga.

Ukikuta injini imeoshwa inang'aa, usiikatae kwa hilo, lakini usiisifu pia. Iendeshe nusu saa, ipaki juu ya sakafu kavu, kisha rudi uangalie chini yake.

Ninayotaka ni Yamaha AG100 ya mnada. Inatoa moshi wa bluu. Niikimbie?

Hapana. AG100 na DT125 ya zamani ni injini za mipigo miwili, zinachoma oili pamoja na petroli kwa maumbile yake, na moshi mwepesi ni haki yake. Kinachokuhusu ni mbano, pampu ya oili kama bado inafanya kazi, na upatikanaji wa spea. Mabwana shamba wengi walizitumia pikipiki hizi, na nyingine zilitunzwa vizuri sana. Kwenye mnada, hata hivyo, mara nyingi hupati nafasi ya kuijaribu barabarani, kwa hiyo toa bei kama vile injini inahitaji kufunguliwa.

Nikaijaribie wapi?

Mlimani. Tuna bahati huku kwetu, mlima uko nyuma ya nyumba. Ukiwa Moshi panda nayo Kibosho au Uru. Ukiwa Himo, panda Marangu. Ukiwa Arusha, panda Ilboru au Ngiresi. Beba mtu mmoja nyuma. Weka gia ya tatu kwenye mwinuko na uvute mafuta: injini ikipiga kelele zaidi lakini mwendo usiongezeke, klachi inateleza. Wakati wa kushuka, achia na kuvuta mafuta mara kadhaa ukiwa gia ya pili, kisha ya tatu. Gia ikiruka yenyewe, giaboksi lina kasoro, na kulitengeneza ni lazima injini ipasuliwe katikati.

Kwenye tambarare, mwambie mwenzako akufuate kwa nyuma aangalie kama magurudumu mawili yanafuata mstari mmoja. Wewe uliye juu huoni hilo. Pikipiki inayokwenda kiubavu kama mbwa aliyeumia imepata ajali.

Acha kitambulisho au mtu wako kwa muuzaji unapoondoka na chombo chake. Ni heshima, na anakuwa na amani ya kukuachia muda.

Ya bodaboda nisinunue kabisa?

Usimhukumu mtu kwa kazi yake. Wapo vijana kijiweni wanaomwaga oili kila wiki bila kukosa kwa sababu chombo ndicho kinachowalisha, na wapo watu binafsi wanaokumbuka oili siku injini inapolia. Cha kutazama kwenye ya bodaboda ni mambo ya mzigo: shokapu za nyuma zilizolala, keria iliyochomelewa mara tatu, spoki zilizokatika, rimu iliyopinda, na fremu chini ya kiti. Ng'oa kiti utazame. Muuzaji asiyetaka uking'oe, mshukuru kwa muda wake.

Imetoka Dar au Tanga. Na nyingine imetoka Mererani. Kuna tofauti?

Kubwa. Ya pwani itazame kutu: ndani ya tangi kwa tochi, mikunjo ya fremu, ndani ya ekzosi, maungio ya waya za umeme. Chumvi haina haraka lakini haisamehi. Halafu ikifika huku itaonekana mvivu. Arusha mjini ni takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huku ni pungufu kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi ukilinganisha na pwani. Kabureta iliyopangwa kwa hewa ya Dar inamwaga petroli nyingi mno huku. Fundi anairekebisha, kwa hiyo usiikatae kwa uvivu huo peke yake.

Ya Mererani, au iliyoishi njia za vumbi za Monduli na Simanjiro, fungua eaklina kabla ya kitu kingine. Vumbi laini likipita hapo linakuwa msasa ndani ya silinda. Nimeona injini changa kabisa zikifa kwa njia hiyo. Ukikuta eaklina haipo, au pamefungwa kitambaa cha kanga mahali pake, mazungumzo yameisha.

Kipi kikionekana niondoke bila kujadili bei?

Fremu iliyopasuka au kuchomelewa karibu na shingo ya usukani. Namba ya chesisi iliyokwaruzwa au kupigwa upya. Konrodi inayogonga. Muuzaji anayeleta haraka zisizo na sababu.

Vingine vyote vina bei. Cheni na sproketi yenye meno yaliyochongoka na kulala upande mmoja, sili za shokapu zinazovuja, beringi za shingo, bushi za mkono wa nyuma, breki, tairi, betri: andika kila kimoja, peleka orodha duka la spea, uliza bei, ongeza ufundi. Shika gurudumu la nyuma ulitikise kushoto na kulia. Likicheza, ni beringi au bushi, na utakuwa umeokoa pesa kwa dakika moja.

Karatasi zikoje? Nianzie wapi?

Anzia hapa, hata kabla ya injini. Ningeliweka swali hili juu kabisa, ila najua watu huja wakiwa wameshaipenda pikipiki.

Mwaka wangu wa pili wa kununua, nilimlipa kijana taslimu, tukaandikiana kwenye daftari, nikaondoka nimefurahi. Wiki tatu baadaye mwenye kadi ya usajili alikuja na askari. Pikipiki ilikuwa ya mkataba: kijana alikuwa anapeleka hesabu kila siku ili mwishoni iwe yake, na alikuwa hajamaliza. Niliirudisha, na pesa yangu sikuiona tena. Sina kinyongo naye tena, lakini tangu siku hiyo sigusi mfuko kabla ya kuona kadi.

Omba kadi halisi ya usajili ya TRA, Mamlaka ya Mapato, isiwe picha ya simu. Soma jina lililoandikwa, kisha omba kitambulisho cha Taifa cha anayeuza. Majina yasipolingana, mwenye jina lazima aje mwenyewe. Linganisha namba ya usajili inayoanza na MC, namba ya chesisi kwenye shingo ya fremu, na namba ya injini, tarakimu kwa tarakimu, ukiwa umepiga magoti na tochi mkononi. Injini iliyobadilishwa si dhambi, mradi ubadilishaji huo uonekane kwenye kumbukumbu za TRA. Muulize wazi: "Ni ya mkataba? Ya mkopo? Ya kikundi?" Kisha kawaulize hayohayo kijiweni kwake, wenzake wanajua. Angalia pia kama namba hiyo inadaiwa faini za barabarani, na kama bima yake ni ya kweli.

Kadi imepotea? Mwenyewe aende polisi, kisha TRA, apate nyingine ndipo mzungumze. Mwenye pikipiki amefariki? Anayekuuzia awe msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, hata kama ni mwanawe na machozi yake ni ya kweli.

Mkifika kwenye malipo, andikishianeni mkataba wa mauziano mbele ya wakili, na mbadilishe umiliki TRA mapema, muuzaji akiwa bado anapokea simu zako. Kuna watu wanatembea miaka mitano na kadi ya jina la mtu mwingine. Siku ya ajali au ya kuuza ndipo wanaanza kumtafuta mtu aliyehamia Geita.

Kuna moja ya bei rahisi ina namba za Kenya, inauzwa mpakani Holili.

Usinunue. Kama ushuru haukulipwa, bei rahisi hiyo ni deni lililovikwa tairi. Hilohilo kwa Namanga na Tarakea.

Mimi ni mama, nataka ya kusambazia maziwa. Wauzaji hawanijibu, wanamjibu kaka niliyekwenda naye.

Pole, dada. Nenda na fundi unayemlipa wewe, na umwambie muuzaji mapema, "Huyu fundi ni wangu, ila mnunuzi ni mimi." Fundi asiwe rafiki wa muuzaji, na asilipwe na dalali hata shilingi moja. Mlipe ujira uleule ukinunua au ukiacha, ili asiwe na sababu ya kukusukuma. Na kwa maziwa, jaribu pikipiki ukiwa umeibebesha madumu yaliyojaa, kwa sababu shokapu na breki zinazotosha mtu mmoja hazitoshi lita 60.

Bei nzuri ni ipi?

Uliza kwanza bei ya mpya ya aina hiyohiyo dukani. Kisha nikupe mfano, ambao si bei ya soko: anataka 1,600,000. Orodha yako ya matengenezo imefika 350,000. Kubadili umiliki, wakili na bima, weka 150,000. Pikipiki hiyo ni ya 2,100,000, siyo 1,600,000. Hiyo ndiyo namba ya kulinganisha na mpya, na ndiyo ya kumwonyesha muuzaji, kwa adabu, orodha ikiwa mkononi. Kama una 1,600,000 tu mfukoni, basi huwezi kununua pikipiki ya 1,600,000. Tafuta ya 1,200,000.

Bora Honda kuukuu au ya Kichina isiyochakaa?

Mimi nafuata spea. Tembea maduka matatu ya spea mjini kwako, uliza pistoni, klachi na waya za aina unayoitaka. Boxer na TVS utapata hata maduka ya vijijini. Honda XL125 ni chombo cha kudumu, lakini spea zake halisi zinaweza kukusimamisha wiki nzima, na kazi ya kila siku haingoji. Kwa mtu wa safari za Jumapili ningemshauri Honda bila kusita. Kwa anayetafuta riziki, achukue ile ambayo fundi wa mtaani kwake anaifungua akiwa amefumba macho.

Nimeshanunua. Wiki ya kwanza nifanye nini?

Mwaga oili yote, weka mpya, 20W-50 ya mipigo minne kwa injini nyingi hizi, na usafishe kichujio chake. Badilisha plagi na eaklina. Rekebisha tapeti injini ikiwa baridi. Badilisha nyaya za breki na klachi hata kama bado zinavuta. Kaza spoki. Badilisha kufuli ya swichi, kwa sababu hujui funguo zilichongwa ngapi. Andika kilomita za siku hiyo kwenye daftari, na ukifika kilomita 500, kagua tena kiwango cha oili kwa stiki: hapo ndipo utajua inakunywa kiasi gani.

Kama waya wa mita umekatika, funga mwingine siku hiyohiyo. Atakayenunua kwako naye atauliza imetembea ngapi.